Bonyeza Ukubali

Mfumo ulifanya kazi vizuri kabisa, na hilo ndilo lililomponza Nasma. Alikuwa amejifungia chumbani juu ya duka la mashuka, Mtaa wa Kongo, akiunganisha vitu viwili: jukwaa linalokaa kimya mpaka tukio litokee, na huduma ya arifa ya mtandaoni, inayolifikisha tukio hilo kwenye simu za watu. Hospitali ikipungukiwa damu ya kundi fulani, inaandika, jukwaa linashtuka, na kila mchangiaji wa kundi hilo hapo Kariakoo anapata ujumbe. Alijaribu kwa simu yake, ikalia. Akajaribu tena, ikalia. Akaenda zake kula chipsi mayai kwa raha ya mtu aliyemaliza kazi.

Wachangiaji alitafutiwa na Ami Hamud, baba yake mdogo, muuza madera anayejuana na Kariakoo nzima, kuanzia wenye maghala hadi wasukuma mikokoteni. Watu walipimwa makundi yao, wakatoa namba za simu, wakarudi kwenye biashara zao.

Kisha dada yake Shahd akajifungua. Mtoto alitoka salama, lakini damu ya mama ikawa haikatiki. Kundi lake ni O hasi, damu ya kutafuta kwa tochi, na akiba ya hospitali ilikuwa inakwisha. Muuguzi Rachel akaandika kwenye mfumo. Nasma, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje na mama yao, Bi Mauza, aliona jukwaa limepokea na arifa imetoka. Akashusha pumzi, akamwambia mama yake watu wanakuja.

Hakuja mtu.

Alipofungua kompyuta yake mapajani ndipo alipoelewa. Huduma ile haimpelekei mtu arifa mpaka kwanza abonyeze kiungo cha kukubali. Viungo vilikwenda kwa wote siku walipoandikishwa. Aliyebonyeza alikuwa mmoja tu, naye ni Nasma mwenyewe. Kuwapigia hakuweza, maana namba alizifunga kwa mikono yake, ndugu wa mgonjwa wasije wakamsumbua mchangiaji. Akampigia Ami Hamud, akamuuliza kama aliwahi kupata meseji ya kubonyeza.

"Nilipata, nikafuta," akasema Ami Hamud. "Namba siijui, inaniambia nibonyeze. Mwanangu, Bongo hii nani anabonyeza?"

Angemlaumu vipi? Katika mji ambao kila kukicha matapeli wanakuandikia uitume ile hela kwenye namba hii, mwenye akili zake hufuta kwanza. Kariakoo nzima ilikuwa imefuta, na akili zake timamu. Mjinga alikuwa yeye, mzaliwa wa hapohapo, aliyesahau watu wake wanavyoishi.

"Ami, mimi hawanijui, wanakujua wewe," akasema. "Shahd anavuja damu. Naituma tena sasa hivi. Waambie wasiifute."

Ami Hamud hakukata simu. Nasma alisikia spika ya dukani kwake, ile inayoimba madera ya bei ya kutupa tangu asubuhi, ikizimwa katikati ya neno. Kisha akamsikia ami yake akiwatangazia watu kwamba meseji itakayoingia si ya wezi, ni ya Nasma, binti wa Bi Mauza, na dada yake yuko hospitali. Candida wa vyombo akaidaka kwa spika yake, akaipeleka mbele kwa Samson wa viatu. Bei zikanyamaza, duka moja baada ya jingine. Nasma hakuwahi kuisikia Kariakoo imekaa kimya mchana, na alilia pale pale kwenye benchi, bila kuona haya.

Akatuma viungo upya. Safari hii vilikubaliwa hata kabla hajafuta machozi. Arifa ya mwanzo ilikuwa imeshapotea, hivyo akamwomba Rachel aandike tukio kwa mara nyingine. Wakaja watu. Wengine hata kundi halikuwahusu, walisikia spika tu wakafunga maduka. Jioni daktari akatoka akasema Shahd amelala, na damu imesimama.

Siku ya pili Bi Mauza alitaka majina ya waliotoa ile damu, akawashike mikono. Nasma akamwambia majina yamefungwa, na hatayafungua, hata kwa ajili yake.

Akashuka Mtaa wa Kongo peke yake. Mkokoteni ukamjia nyuma, mwenye nao akafoka apishe njia haraka. Siku zote Nasma angejibu, tena si kwa upole. Akapisha, akamtazama yule kaka akipita na jasho lake, asijue kama aliyetoa damu ni yeye au siye.

"Asante, kaka," akasema.

Akamwambia hivyo na aliyefuata, na muuza maji, na mama wa ndizi, mtaa mzima.