Chipukizi wa Thelathini na Moja

Jumamosi ya tatu ya Julai, saa nne asubuhi, Verna Dahlquist aliingia mkahawa wa Lorene na penseli mbili, kadi tupu, na hofu ambayo hakuizoea. Kwenye meza ya nyuma, karibu na kabati la pai, Harlan Stube alikuwa ameshafungua daftari. Harlan alifundisha hesabu katika shule ya Tarrow miaka thelathini na minne, na tangu astaafu alibakiwa na hesabu moja tu: kuwapanga chipukizi wa Panyabuku, timu ya besiboli ya mji, kuanzia wa kwanza hadi wa thelathini. Rollie Pruett, mpeleka barua, alikuwa anakula pai. Hao watatu ndio kamati.

Panyabuku ni timu ya ligi ndogo. Timu mama huwaleta vijana Tarrow waive, na aliyeiva hupelekwa ligi kuu. Wengi hawaivi. Orodha ya Harlan ilitoka mtandaoni mara tatu kwa msimu na kusomwa hadi majimbo ya jirani, kwa sababu ilipangwa kwa haki, na kwa sababu uzito wa wachezaji uliifuata.

Hilo halikuwa siri. Namba moja, mrushaji Brantley Oakes, alikuwa mwembamba kama ufito, lakini siku aliyokuja kula kwa Verna alivunja vidato viwili vya ngazi ya barazani. Kadiri mtu alivyoshuka kwenye orodha ndivyo alivyozidi kuwa mwepesi. Kuanzia namba ishirini na tano hivi, mchezaji alishika uzio upepo ulipovuma kutoka kwenye mahindi. Aliyetoka nje ya thelathini alipaa. Mtunza uwanja alikuwa na mti wenye kulabu kwa kazi hiyo, lakini ulikuwa mfupi kidogo, na maombi ya mti mrefu zaidi yalikuwa ofisini tangu mwaka juzi.

Verna alikuwa mjane, mpishi wa shule mpaka magoti yalipomkataa. Kila msimu alimpa mchezaji mmoja chumba cha juu, kama familia nyingi za mji ule zinavyofanya. Mwaka huo alikuwa Eudis Marchena, mlinzi wa nyuma kutoka Jamhuri ya Dominika, umri miaka ishirini na miwili. Aprili alikuwa wa kumi na nne, na kitanda kililia alipojitupa. Juni akawa wa ishirini na sita. Alikula sahani tatu za wali na maharage kwa mkao mmoja, na mizani ya bafuni ikasema ratili arobaini. Verna alimshonea chubwi za risasi, zile za kuvulia kambare, kwenye pindo za suruali.

"Zinanigonga vifundo, Mama Verna."

"Vumilia, mwanangu. Jumamosi tunapanga upya."

Sababu ya kushuka kwake Verna aliijua vizuri. Asubuhi moja ya Mei, akikausha vyombo, Eudis alimwambia jambo ambalo hakumwambia hata kocha: jua likishaanza kushuka, mpira wa kudondoka, ule unaozama ghafla mbele ya mpigaji, haoni unavyotoka mkononi mwa mrushaji. Alimwambia kama mtu anavyomwambia mama yake. Wiki ile ile Verna akalitoa mezani kwa Lorene.

Kamati ilikuwa na sheria kwamba mwenyeji haruhusiwi kumsifu mchezaji anayelala kwake. Kasoro zake, ruksa. Sheria hiyo aliileta Verna mwenyewe miaka kumi na mmoja nyuma, Rollie aliposifia kijana wake mpaka kahawa ikapoa. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Siku ile ya Mei alitaka kusema neno juu ya Eudis, na neno lililoruhusiwa lilikuwa hilo. Harlan aliweka kikombe chini na kuandika, Rollie akaacha kutafuna. Shuleni walimsikiliza hivyo pale tu aliposema supu imekwisha. Ilikuwa raha, na Verna hakujidanganya kwamba haikuwa raha.

Baada ya hapo Eudis alishuka, akawa mwepesi, na rungu likaanza kumzungusha yeye badala ya yeye kulizungusha.

"Si niliwaambia?" Rollie alisema sasa. "Kijana hana nguvu. Jana kapiga mpira mmoja, kaanguka yeye kabla ya mpira."

"Hana nguvu kwa sababu tumemshusha," Verna alisema.

"Tumemshusha kwa sababu hana nguvu," Harlan alijibu kwa upole, kama kwa mwanafunzi. "Na wewe ndiye ulituambia habari ya jua. Taarifa bora kabisa ya msimu, Verna. Nimeipigia mstari."

"Lakini mkono wake, Harlan. Anavyorusha..."

Harlan aliinua kidole. "Sheria."

"Sheria yako mwenyewe, mama," Rollie aliongeza, na akacheka bila ubaya.

Timu mama ilikuwa imesajili vijana wapya wiki ile. Sita walistahili kuingia, kwa hiyo sita walipaswa kutoka. Walijadili magoti, viwiko, na urefu wa baba wa mmoja wao. Kisha kila mtu akageukia kadi yake. Verna aliandika jina la Eudis juu kabisa, namba moja, akakunja kadi mara mbili. Alikuwa mtu mkweli maisha yake yote, na alishangaa uongo ulivyo mwepesi kuandika.

Harlan alipiga hesabu hadi pai ya Rollie ikaisha. Kisha akairudisha kadi ya Verna upande wake wa meza.

"Hii nimeitoa. Kadi inayopishana na nyingine kiasi hiki ni kadi iliyoharibika."

"Basi yuko wapi?"

"Thelathini na moja." Alivua miwani. "Ungemweka ishirini na nane, angebaki. Nimehesabu mara mbili, unanijua."

Verna alisema anamjua.

Orodha ilitoka Jumapili saa sita mchana. Mechi ilianza saa nane. Usiku wa Jumamosi Verna aliongeza chubwi mpaka pindo zikakakamaa, na Eudis alikwenda kwenye nafasi yake akiburuta miguu, akapunga kofia kuelekea jukwaani. Alikuwa ameisoma orodha. Wachezaji wote huisoma.

Kipindi cha tano, huku mpinzani mmoja akisubiri kwenye kituo cha tatu, mpira ulipigwa juu sana kuelekea ukuta wa nyuma. Eudis alikimbia, akaruka. Pindo zikafumuka na chubwi zikamwagika kwenye nyasi. Aliudaka mpira futi tano juu ya ukuta na hakurudi chini.

"Shika mlingoti wa taa!" Verna alipiga kelele. "Eudis, shika!"

Vidole vyake viligusa chuma vikateleza. Mtunza uwanja alifika na mti wake, ukakosa kiatu kwa shubiri moja. Eudis, akiwa ameshapita taa, aliona mpinzani anakimbilia kituo cha nyumbani. Akarusha. Mpira ulishuka moja kwa moja kwenye glavu ya mdakaji kama uliowekwa kwa mkono, na mkimbiaji akakutwa bado yuko hatua tatu nje.

"Nimeuona, Mama Verna!" sauti ilitoka juu. "Nimeuona tangu ulipotoka mkononi mwa mrushaji!"

Mwamuzi alitafakari, kisha akatangaza kwamba mlinzi hakuwa ndani ya uwanja wakati wa kurusha, kwa hiyo mkimbiaji amefika salama. Jukwaa lilizomea kidogo.

"Umeona mkono ule?" Rollie alimuuliza Harlan. "Sijaona mkono kama ule tangu nizaliwe."

"Amesaidiwa na kimo," Harlan alisema. "Siwezi kuuandika."

Verna alisimama akikinga macho kwa kiganja mpaka Eudis akawa doa juu ya mahindi, na baadaye hapakuwa na doa. Watu wa nyuma yake walimwomba kwa adabu aketi. Akaketi. Alilia bila kujificha, na Rollie akampa leso na mfuko wa karanga.

Asubuhi klabu ilituma mtu kuchukua sare. Verna akamweleza ilivyokuwa, naye akaandika kwamba haikurudishwa.

Aprili iliyofuata chumba cha juu kilipata Tobin Esparza, mrushaji, namba kumi na saba. Alikuwa mtaratibu, mwenye kuosha kikombe chake mwenyewe. Juma la pili, akinywa chai, alimwambia Verna kwamba kifundo chake cha mkono humuuma asubuhi za baridi, na akamwomba asimwambie mtu. Verna alimfunga kitambaa cha moto.

Jumamosi mezani kwa Lorene, kiti chake kilikuwa kinamsubiri, na kahawa ilishamiminwa. Harlan alipofika namba kumi na saba aliinua macho. Rollie akaacha kutafuna.

"Verna, wewe unaishi naye. Una lolote?"

Verna alitia sukari kwenye kahawa.

"Kifundo cha mkono," alisema. "Wa kulia. Baridi ikiingia."

Harlan alimshukuru, akaandika, akapiga mstari. Wakati wa kurudi nyumbani Verna alipitia duka la vifaa vya uvuvi. Muuzaji hakumuuliza anataka nini. Alimpimia chubwi zile zile za mwaka jana.