Zege Lisilo na Ufa

Asubuhi Zaki alifika ofisini Kizingo na kitambaa kipya cha kupangusia meza aliyotarajia kupewa, akamkuta Mzee Kamaludin ameshaikalia, anapitia ramani. Mzee alikuwa ndani ya sanda, pamba zingali puani, na chumba kizima chanuka kafuri. Jana yake ndiyo ilisomwa hitma ya arobaini yake, Kibokoni, na pilau ikaliwa ikaisha.

Zaki alimwamkia. Yeye ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea na kumlaza, kwa hiyo hakuwa na haja ya kuuliza kama ni yeye. Mzee aliitikia, akalalamika kwamba chai imechelewa.

Ili Zaki asome uhandisi, mamake, Bi Mwanakuu, aliuza bangili zake za dhahabu. Tangu Zaki amalize chuo alikuwa akiifanyia kampuni hii ya ujenzi kazi ya bure, ambayo huitwa kujitolea. Yeye alipima na kuchora, Mzee Kamaludin akatia sahihi. Kila alipouliza, aliambiwa angoje nafasi.

Akaenda kwa meneja, Bwana Kioko.

"Mazikoni si ulikuja?"

"Nilikuja, na nikalia," Kioko akasema. "Lakini mzee ana uzoefu wa miaka thelathini. Wewe una nini?"

"Nina shahada."

"Hata muuza madafu wa hapo nje anayo."

Ni kweli, alikuwa nayo, ya kemia.

"Na huo uzoefu mimi nitaupata wapi?"

"Kazini," Kioko akasema, akarudi kwenye simu yake.

Alasiri mzee alitoka kazini, akarudi kaburini kulala. Zaki alimfuata na simiti, kokoto na vyuma. Alipomwona ametulia, alipima, akafunga vyuma, akakoroga, akamwaga zege juu yake na kulisawazisha kama alivyofundishwa chuoni. Ndiyo kazi ya kwanza aliyoifanya mpaka mwisho bila kumpelekea mtu atie sahihi.

Kesho yake mzee alikuwa mezani, vumbi la simiti mabegani.

"Nimelikagua," akasema. "Halina ufa hata mmoja. Jitolee hivyo hivyo, mwanangu, utapata uzoefu. Chai iko wapi?"

Zaki alileta chai. Jioni alipita makaburini. Zege lilikuwa zima, limeshikana vizuri, na pembeni, imeandikwa kwa kidole likiwa bado bichi, palikuwa na sahihi ya Mzee Kamaludin.