Mwamba Kati ya Mkwe na Mkwe

Haya yote ni kweli tupu. Sijaongeza chumvi hata ya kuonja. Na kama yupo mtu, awe hapa Kirumba au ng'ambo ya ziwa, atakayenionyesha neno moja la uongo humu, jogoo wangu mwekundu ni wake, yule anayewika kabla ya adhana na kabla ya kengele ya misa. Nimeapa hivyo mbele ya majirani watatu waliokaa hapa barazani, nami nawasomea kutoka kwenye daftari hili.

Palikuwa na bwana mmoja akiitwa Ngosha, mstaafu wa kinu cha pamba. Alikuwa mtu mwerevu, mpole, mwenye sura ya kupendeza hata akiwa na homa. Mwaka ule wa tisini na tano saruji ilikuwa imeanza kuuzwa dukani kama chumvi, bila kibali na bila kujuana na bwana ugavi, na kila mwenye kiwanja alikuwa anajenga. Ngosha naye alikuwa na kiwanja mlimani, na katikati ya kiwanja mwamba. Mwamba wenyewe usiuulize. Mbuzi aliyeupanda akiwa mtoto alishuka akiwa na wajukuu.

Haraka ya Ngosha ilikuwa moja tu. Mama mkwe wake, Bibi Ng'washi, aliishi peke yake kule Bujora. Macho yalikuwa yamefifia, na ukuta wa jikoni kwake ulikuwa umeinama kama mtu anayesikiliza umbea. Dorotea, mke wa Ngosha, alilisema jambo hilo kwa upole, na upole wa Dorotea ndio wa kuogopa.

"Baba Selina, mvua za vuli zisimkute mama kule peke yake. Zikimkuta, na mimi zitanikuta huko huko."

Sasa, kwa Wasukuma wa rika la Ngosha, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Akimwona anakuja njiani, huingia vichakani mpaka apite. Kupishana naye mlangoni au kutumia naye choo kimoja hakutajwi hata kwa mzaha. Si chuki, ni heshima. Unamtolea mtu ng'ombe kwa ajili ya binti yake, kisha maisha yako yote unamjua mama huyo kwa sauti na kwa kisogo. Na sasa mama huyo alitakiwa aje alale chini ya bati moja na Ngosha.

Ngosha akaenda mjini kwa mchora ramani, ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Akamkuta binti amekaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mchora ramani atarudi saa ngapi?"

"Karibu ukae. Ndiye mimi. Naitwa Justa."

Alikuwa mtu wa Bukoba, na maswali yake Ngosha hakuwahi kuyasikia kokote. Asubuhi unakunywa chai umekaa wapi? Unapenda jua likupige mgongoni au usoni? Mkigombana na mama, anayetoka nje ni nani?

"Natoka mimi."

"Unatokea mlango gani?"

Ngosha akacheka. Lakini binti hakucheka, aliandika. Njia nzima ya kurudi Ngosha alikuwa akijiuliza kweli huwa anatokea mlango gani.

Wiki mbili baadaye Justa alitandaza ramani mezani. Ngosha aliinama juu yake, akaizungusha, akachungulia tena.

"Mbona haina paa?"

"Paa nimeliondoa ili uone ndani, mzee. Tembea."

"Nitembeeje?"

"Kwa kidole."

Ngosha akaweka kidole chumbani kwake, akakitoa mlangoni, akakipeleka polepole kwenye korido. Alifurahi kama mtoto. Alifika sebuleni, akachungulia ziwa, akarudi. Kisha akaweka kidole cha mkono wa pili kwenye chumba cha wageni, nacho kikatoka kwenda chooni. Katikati ya korido vidole vikakutana uso kwa uso. Ngosha aliirusha mikono yote miwili kama aliyegusa kaa la moto.

"Umekutana na nani hapo?" Justa akauliza.

Angemjibu vipi? Kumtaja mama mkwe na safari zake za chooni mbele ya binti wa umri wa kitinda mimba wake!

"Kiboko," akasema.

"Kiboko?"

"Hupanda kutoka ziwani. Akiingia kwa mbele, sisi tupate pa kutokea kwa nyuma. Mlango mmoja hautoshi."

Justa akaandika: kiboko. Ramani ya pili ikaja na milango miwili, lakini korido ilibaki moja, imenyooka.

"Upepo wa ziwa huu," Ngosha akasema. "Ukikuta korido iliyonyooka hauna adabu. Kwa shemeji yangu ulimchukua mtoto mzima mzima. Tulimpata mbali kule Buhongwa, ameshakula, amelala."

Justa akaikunja korido. Ramani ya tatu ikaja, choo kimoja. Ngosha akaleta habari ya kenge mwenye wivu. Ramani ya nne ikaja na vyoo viwili, ila ukitoka kimoja unamwona anayetoka kingine. Wakati huo mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Ukerewe, na Dorotea alikuwa amekwisha kukunja kanga mbili ndani ya kikapu.

Justa akaweka kalamu chini.

"Mzee, nisamehe. Nimechora nyumba ya mtu anayemkimbia mtu. Milango miwili, vyoo viwili, korido imekunjwa kama sambusa. Unamkimbia nani?"

Na hapo, ndugu zangu, ndipo Ngosha alipoonyesha uanaume. Alikohoa mara moja, akamweleza yote bila kigugumizi. Kisha akampeleka kiwanjani, ambako wapasua mawe walikuwa wamepanga kuni za kuuchoma ule mwamba upasuke. Akaupanda kwa hatua tatu, akanyoosha mkono, akanguruma: "Uacheni! Nyumba iuzunguke! Upande wa ziwa nikae mimi, upande wa mlima akae mama!" Justa alidondosha kalamu. Wapasua mawe walilia. Hata kiboko kule majini…

"Baba Selina!"

Sauti ilitoka ndani ya mwamba. Ndiyo, ndani ya mwamba, kwa maana una ufa mwembamba unaotoka chumbani kwa Bibi Ng'washi, ukapitia chumbani kwangu mpaka barazani hapa nilipokaa. Majirani wakanigeukia mimi. Baba Selina ni mmoja tu, na Ngosha ni mimi.

Nikageuza uso kuelekea ziwani, ingawa kati yetu palikuwa na jiwe la upana wa lori.

"Nipo, mama."

"Huyo aliyepanda mwamba ni nani?"

"Ni… Ngosha, mama."

"Siku hiyo Ngosha hakuwa Mwaloni ananunua dagaa?"

"Alipita mara moja."

"Alipita siku tatu! Alipoulizwa anamkimbia nani, akamkimbia na aliyeuliza. Yule binti akapanda gari mpaka Bujora, akaniuliza mimi. Wala hakuanza na kiboko. Aliniuliza asubuhi nakaa wapi. Nikamwambia, nipeleke kiwanjani mkwe wangu akiwa hayupo. Nikaupapasa huu mwamba kwa mikono yangu hii, nikaupata ufa. Nani alisema uachwe?"

"Wewe, mama."

"Na kuni za kuuchoma alinunua nani?"

"Mimi, mama."

Jirani yangu Otuoma, mvuvi, alikuwa anajifuta machozi. "Mzee, kumbe hata kiboko?"

"Kiboko ni kweli kabisa," nikasema.

"Hata kiboko," mwamba ukajibu.

Dorotea alikuwa amekwisha kutokea na jogoo mkononi, miguu imefungwa kwa ukambaa. Inaelekea alimfunga tangu nilipokuwa naapa. Chini ya mwamba Justa alituachia kidirisha cha kupitishia sahani kutoka jikoni kwenda upande wa mama. Nikapiga magoti, uso nimeuelekeza ziwani, nikamsukuma jogoo kinyumenyume. Akapokelewa. Nikasikia anapimwa uzito.

"Ni mwepesi kuliko maneno yako," Bibi Ng'washi akasema. "Ila simchinji. Macho yangu hayaoni saa."

Leo alfajiri jogoo amewika. Mama amemfunga karibu na ule ufa, na chumbani kwangu ufa unatokea palepale ninapoweka mto.