Sumu Iliyokwenda Kanisani

Euphemia Geddes wa Dundee aliandika vitabu viwili kwa mpigo: asubuhi cha watoto kwa jarida la kanisa, jioni cha mauaji. Siku moja baada ya kutuma sura ya watoto, aliikuta bado mezani. Basi kanisa lilipelekewa ile ya mke anayemtilia mumewe mchungaji sumu kwenye uji!

“Si nilikuambia kalamu yako haina breki?” dada yake Grizel akafoka. “Sasa utatengwa!”

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mchungaji Rankine, uso umemsawajika, bahasha mkononi.

“Mchungaji, nisamehe…”

“Bi Euphemia, niambie tu, sumu ile ina ladha gani? Mke wangu kaisoma mara mbili, na leo kaamka mapema kunipikia uji.”