Msumari wa Kanisa la Smerechyn

Watu wa kijiji cha Smerechyn wana maringo, na maringo yao yana sababu moja: kanisa lao la magogo halina msumari hata mmoja. Limevuka wafalme wa Vienna, vita viwili vikuu na Wasovieti waliolifanya ghala la sufu, likiwa limeshikwa na vigingi vya mbao tu. Hata kuapa, wanaapa kwalo.

Sasa lilikuwa hatarini. Yavdokha, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, alishikilia kwamba limeinama upande wa mtoni, na wajukuu zake huimba mle ndani kila Jumapili. Alitaka libomolewe, lijengwe la matofali. Wangekata shauri kesho, baada ya ibada. Shemeji yake Tanasi, seremala ambaye babu wa babu yake ndiye aliyelijenga, aliacha uji wake wa mahindi na jibini ukipoa mezani, akapanda hadi juu kabisa ndani ya kuba kukagua viungo.

Huko, katikati ya boriti kuu, akakuta msumari.

Ulikuwa mweusi, mnene, uliofuliwa na mhunzi kwa mkono. Na jinsi alivyowasimanga wale wa ng'ambo ya mto kwa misumari ya kanisa lao! Akatoa koleo.

"Unang'oa nini huko, shemeji?" Yavdokha aliuliza kutoka chini, ufagio mkononi.

"Jino bovu la ukoo wetu."

Ikabidi amwambie. Yavdokha alicheka hadi akashika benchi, kisha akauliza huo msumari umeshikilia nini.

Tanasi akapapasa. Haukushikilia kitu; boriti ilikuwa moja, nzima. Ila shingoni mwa msumari kulikuwa na kipande cha uzi wa katani, kimefungwa fundo ambalo yeye mwenyewe hulifunga kila siku kazini. Akatoa mfukoni timazi yake, uzi wenye uzito wa kupimia wima, akaifunga pale pale, akaiteremsha polepole hadi karibu na sakafu.

"Kunja zulia," alisema.

Yavdokha akakunja. Ubaoni palikuwa na msalaba uliochongwa kwa patasi, mdogo kama ukucha wa mtoto. Timazi iliyumba, ikazunguka, ikapunguza mwendo. Iliposimama, ncha yake ilikuwa katikati ya msalaba.

Babu wa babu yake alikuwa amelijenga kanisa zima akifuata uzi ule, na theluji zote zilizoliangukia tangu siku hiyo hazikulisogeza hata kwa upana wa unywele. Tanasi alilia huko juu bila kujificha.

Yavdokha alipiga magoti kando ya timazi, asithubutu kuigusa.

"Miaka yote hii naliona limeinama," alisema. "Kumbe kilichoinama ni mgongo wangu."

Tanasi akamuuliza kesho atawaambia nini watu kuhusu msumari.

"Nitawaambia tunao mmoja."