Mwaka Wenye Pembe

Jana, hata blanketi sijamaliza kulivuta, niliota niko dirishani pa chuo naomba mwaka.

Nafasi ya kusoma ninayo. Nimemaliza kidato cha sita, nimechaguliwa, na mama yangu ameshaitangazia kwaya nzima pale Machame kwamba Aminieli wake anakwenda kuwa mhandisi. Lakini mimi ni mrushaji wa besiboli, ule mchezo ambao mmoja anarusha mpira, mwenzake anausubiri na gongo. Mimi si mtu wa majigambo, ila mkono wangu huu wa kulia una jambo. Kocha Lyatuu alishasema: nipate mwaka mmoja wa mazoezi kabla ya chuo, na timu ya taifa itanitafuta yenyewe. Hayo nilikuwa sijamwambia mama. Wiki tatu nimekaa nayo rohoni, nauogopa uso wake.

Dirishani hakuna karani. Kuna glavu yangu ya kudakia, imevaa miwani.

"Shida yako?" inauliza, kama vile hatujuani.

"Naomba mwaka wa ziada."

"Wa kugawa bure hatuna. Tuna wa kuwekesha tu."

Kwetu Uchagani mtu asiye na ng'ombe huweza kuwekeshwa wa mwenzake. Anamlisha, maziwa na mbolea vinakuwa vyake, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Kwa hiyo sikushangaa glavu ilipofungua mlango wa nyuma ikautoa mwaka wenyewe. Ulikuwa mtamba mwekundu, pembe fupi, na dharau tele machoni.

"Unakula mazoezi," glavu ikasema. "Siku moja tu ukilala njaa, unarudi kwa mwenyewe. Tia sahihi hapa."

"Mwenyewe ni nani?"

Glavu ikavua miwani. "Kijana, hiyo miaka yako kumi na tisa, nani aliyekulelea? Kamwombe."

Nageuka, ofisi haipo. Niko kwenye njia ya kwetu, migomba huku na huku, nauvuta mwaka kwa kamba. Mwaka unalalamika kwamba mlima ni mkali.

"Utamwambia nini?" unaniuliza.

"Sijui."

"Jitahidi, bwana. Niliwahi kuwekeshwa kwa kijana mmoja, akanilaza kutwa kucha mpaka nikaisha. Sitaki tena."

Mama yuko jikoni, anatwanga. Namwamkia, anaitikia, kisha anautazama mwaka kuanzia kwato mpaka pembe.

"Huu ni wangu," anasema. "Nani kakupa?"

"Nimekuja kuuomba, mama."

"Hee! Umekuja kuomba na kamba iko mkononi? Ng'ombe wa mtu huombwa kwanza, ndipo huswagwa. Wewe ulilelewa wapi?"

Kweli, nilikosa, na kosa hilo kwetu hata mtoto wa darasa la pili halifanyi.

"Nisamehe, mama. Nakuomba huu mmoja tu. Chuo mwakani kitakuwepo palepale. Mkono una wakati wake."

Mama akafuta viganja kwenye kanga, akauchomoa mchi kinuni, akaushika kwa mikono miwili.

"Rusha. Nione mwaka wangu unakwenda kufanya kazi gani."

"Mama, utaumia."

"Nilikuzaa wewe na hilo kichwa lako. Mpira ndio uniumize?"

Mwaka unasimama nyuma yake, unajifanya mwamuzi. "Mpira upite kati ya goti na kifua," unatangaza. "Mpigaji akikosa mara tatu, anatoka."

Narusha. Mama anazungusha mchi, upepo wake unazima moto jikoni. Amekosa. "Moja," mwaka unasema. Narusha tena, mchi unapita hewani, masufuria yanaguna. "Mbili." Wa tatu nauvutia nguvu toka kisiginoni. Mama anazungusha mpaka anageuka mzima mzima.

"Tatu. Mama, toka."

Sheria ni sheria. Mama akaulaza mchi chini, akajifunga kanga vizuri, akatoka nje ya nyumba yake mwenyewe. Nikadhani nimemliza. Kumbe wapi! Alisimama katikati ya njia akapaza sauti, na migomba yote ikageuza majani kumsikiliza.

"Jamani, njooni! Mwanangu kanitoa! Mipira mitatu tu! Nilisema hajazaliwa wa kunitoa mimi jikoni kwangu, kumbe nilimzaa mwenyewe!"

Kifua kilinijaa hadi nikakosa pa kuweka pumzi. Sijawahi kujivunia kitu namna ile, na sikujua kama ninajivunia mkono wangu au mama yangu. Hapo nikaamka.

Jua lilikuwa limeshapanda. Nikaenda jikoni mbiombio kabla ujasiri haujanitoka. Mama alikuwa anamimina chai kwa mkono wa kushoto, na bega lake la kulia lilinuka dawa ya kuchua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, nina neno. Naomba mwaka huu nisiende chuo. Naomba nicheze."

Hakunitazama. Alikijaza kikombe, akanisogezea.

"Si nimeshakupa?" akasema, akilisugua bega. "Ila ule wa tatu ulipita chini ya goti. Nilikuachia tu."