Siku Ambayo Zebaki Haikushuka

Mwanga wa mwanzo wa msimu wa joto huingia vipande vipande ndani ya kile kisanduku cheupe. Kisanduku kina miguu minne, kimesimama katikati ya uwanja uliozungushiwa uzio wa waya, na kuta zake ni mbao nyembamba zilizolazwa mshazari ili upepo upite na jua lisipite. Lakini jua lina ujanja wake. Hupenyeza mstari mmoja mwembamba, na ndani ya mstari huo vumbi hupanda na kushuka, hupanda na kushuka, bila haraka. Nyuma ya vumbi kimelazwa kipimajoto, na ndani ya kioo chake zebaki inang'aa.

Mpima hali ya hewa ameufungua mlango wa kisanduku hiki kwa miaka kumi na miwili. Kabla yake aliufungua baba yake, miaka thelathini. Kazi aliijua hata kabla hajajua kufunga kamba za viatu, kwa maneno matatu ambayo baba alimwimbia njiani, mkono wake mdogo ukiwa ndani ya ule mkubwa: soma, andika, tikisa. Soma zebaki ilipofika. Andika kwenye daftari. Kisha itikise ishuke, kwa kuwa kipimajoto cha aina hii hakishuki chenyewe. Kikishapanda hubaki pale pale, kimeshikilia saa kali kuliko zote za siku ile, mpaka mkono wa mtu ukitikise kirudi chini kuingoja kesho. Kando yake kipo cha kawaida, kinachopanda na kushuka chenyewe, cha kusoma joto la saa.

Soma, andika, tikisa. Wengine huimbiwa nyimbo za kulala. Yeye aliimbiwa huo.

Baba mtu, mtaa mzima humwita Mzee Nukta. Atakuambia chai yake ikae kwenye birika dakika nne nukta tano. Atakuambia kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua sita nukta mbili, na tangu goti limgomee ni nane kamili. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara hamwachi apite salama. "Mzee Nukta, leo ngapi?" Naye husimama, huinua uso, hufumba macho, huisikiliza ngozi yake, kisha hutaja namba. Binti yake akienda kuangalia kipimo, tofauti haifiki hata uzi mmoja. Usimcheke mzee huyu, msomaji, au mcheke kidogo tu kama tunavyomcheka sisi tunaompenda.

Ipo namba moja tu ambayo haitaji. Wengine humtajia. Kinyozi ameiandika kwa chaki juu ya kioo chake. Ripoti zote za ukanda huu zinayo. Nyuzi arobaini na tatu, nukta sita. Siku mbili mfululizo, miaka thelathini na mitatu iliyopita, joto ambalo ukanda huu haukuwahi kuliona kabla wala haujaliona tena. Mzee Nukta ndiye aliyekuwa zamu, ndiye aliyesoma, na watu humheshimu kana kwamba yeye ndiye aliyelipasha jua moto. Wao humsifu, na yeye hutazama viatu vyake.

Sasa msimu umebisha hodi tena. Makao makuu yanataka Mwelekeo wa Mwanzo wa Msimu wa Joto, kurasa tatu, zifike kabla ya saa kumi na moja jioni. Mpimaji ameketi mezani kwake chini ya feni inayolalamika. Ukurasa wa kwanza umekwisha: joto litazidi la kawaida, litakuja kwa kushtukiza, siku moja kali kisha mawingu, siku moja kali kisha mawingu. Ukurasa wa pili ni wa makali ya zamani. Ameandika mafuriko yaliyobeba ukuta wa soko. Ameandika mvua ya mawe iliyotoboa mabati hata watu wakalala chini ya meza. Ameandika baridi iliyounguza miche yote ya bonde kwa alfajiri moja. Imebaki ile namba.

Na chini ya namba hiyo imebaki kanuni iliyozaliwa nayo. Onyo la joto hutolewa pale tu nyuzi arobaini na mbili zinapotarajiwa kwa siku mbili mfululizo. Siku mbili, kwa sababu rekodi inasema zilikuwa siku mbili, na watu kumi na mmoja walikufa ndani yake. Joto la siku moja halina onyo. Watu wataamka, wataenda kazini, na redio itapiga muziki.

Namba hiyo angeweza kuinakili kutoka ripoti ya mwaka jana, kama kila mtu. Lakini yeye ni mtoto wa baba yake. Alisimama akaenda kabatini, akatoa daftari lenyewe la mwaka ule, lenye mgongo uliobandikwa gundi mara tatu, akapuliza vumbi, akafungua.

Siku ya kwanza. Saa tisa alasiri, nyuzi arobaini na tatu nukta nne. Anga nyeupe, upepo hakuna. Joto la juu la siku, arobaini na tatu nukta sita. Sawa.

Siku ya pili. Asubuhi, nyuzi ishirini na tano. Mawingu yamefunika anga. Saa tisa alasiri, nyuzi ishirini na nane, manyunyu. Joto la juu la siku, arobaini na tatu nukta sita.

Alisoma tena. Akaweka kidole juu ya neno manyunyu, akalisoma kwa sauti. Feni ililalamika juu yake. Hakuna siku ya manyunyu inayofika arobaini na tatu, si hapa wala kwingine kokote. Kipo kitu kimoja tu kinachoweza kuandika namba ile ile kesho yake, na anayekijua ni yule aliyewahi kufanya kazi hii. Jioni ya siku ya kwanza kipimajoto hakikutikiswa.

Ewe zebaki, mtiifu kupita kiasi, ulibaki ulipoachwa.

Na mpimaji aliijua tarehe ile. Hakuhitaji daftari. Siku ya kwanza ya joto ndiyo siku aliyokufa mama.

Alikuwa na miaka mitano. Anayoyakumbuka ni machache na ameyatunza: harufu ya wanga, mashati ya watu yakining'inia mikono chini, mama akipiga pasi ya mkaa kwenye kibanda cha bati nyuma ya nyumba, akitema mate kwenye kidole kuijaribu pasi, tsii, kisha akimcheka mtoto aliyeshtuka. Siku ile walimkuta chini kando ya meza. Shati lilikuwa limepigwa pasi upande mmoja.

Kwa hiyo hazikuwa siku mbili. Ilikuwa moja. Siku moja ilitosha kuwamaliza wote kumi na mmoja. Na kwa miaka thelathini na mitatu kanuni imekuwa ikisubiri siku ya pili.

Mpimaji alikaa na daftari mapajani. Akisahihisha, pembeni pataandikwa kosa la mpimaji, na mpimaji wa siku ile ni baba yake: ana jina mtaani, ana cheti ukutani kinachosema miaka thelathini bila dosari, ana goti bovu, na hana kingine. Asiposahihisha, mwezi huu huu joto litakuja siku moja, na mke wa mtu atasimama mezani na pasi yake, na redio itapiga muziki. Alimkasirikia baba yake. Alimhurumia. Vyote viwili vilikuja pamoja, na hakujua kimoja kikae wapi ili kingine kipite.

Ilipofika saa tisa na nusu alilikumbatia daftari pamoja na kurasa zake akavuka barabara. Kinyozi alimwita, hakuitika.

Mzee Nukta alikuwa kwenye benchi la kibarazani, akichonga penseli kwa wembe, moja baada ya nyingine, zote urefu sawa. Hakuna tena anayeandika kwa penseli zake, lakini huzichonga. Aliinua macho akauona ule mgongo wa daftari. Alikuwa ameubandika mwenyewe. Aliweka wembe chini taratibu.

"Umefika ukurasa ule," alisema.

"Nimefika, Baba."

"Nilidhani atafika mtu mapema zaidi. Mwaka wa kwanza nilingoja. Wa pili nikangoja. Nikaona hakuna anayesoma."

Binti aliketi kando yake. Alilifungua daftari magotini, kwenye ukurasa ule.

"Mama yako nilikuwa nakula naye saa saba, kila siku," mzee alisema. "Ni kuvuka barabara tu. Siku ile sikwenda. Zebaki ilikuwa inapanda, mwanangu. Ilipita rekodi ya zamani, ikaendelea. Nilikaa mlangoni mwa kile kisanduku nikiiombea ipande. Nilikuwa nimefurahi." Alikung'uta maganda ya penseli magotini. "Ningekwenda kula ningemkuta. Ningemwambia aweke pasi chini, anywe maji. Nilikuwa nimefurahi."

Barabarani mtu aliburuta mkokoteni wa vyuma, ukapita, kelele zikapita nao.

"Jioni nilirudi kazini, maana vipimo havijui msiba. Nikasoma. Nikaandika. Mkono ukakataa kutikisa."

"Kwa nini, Baba?"

"Ilifika pale saa tisa kasoro robo. Saa tisa kasoro robo mama yako alikuwa bado amesimama mezani, jirani alimwona." Mzee aliitazama mikono yake. "Ningeitikisa, saa ile ingekuwa jana. Kesho yake tulimzika katikati ya kipimo cha asubuhi na cha alasiri, jioni nikaja, ikawa pale pale. Nikaandika nilichokiona. Mwenzangu aliyetumwa kunipokea ndiye aliyeitikisa siku ya tatu, akipiga mluzi, hajui hili wala lile. Sikumwambia kitu."

Binti alilia. Alilia bila kujificha, kama anavyolia mtu aliye kwao. Ile hasira ilikuwapo bado, lakini sasa ilikuwa imepata mahali pa kukaa, na hakumwondoa baba yake ili aipishe.

"Baba," alisema alipoweza, "onyo linasubiri siku ya pili. Mwaka huu joto litakuja siku moja moja."

Mzee alihesabu kitu, midomo ikicheza. Na namba yoyote aliyoifikia, ilimfanya anyooshe mkono.

"Nipe kalamu. Si penseli."

Akaandika mwenyewe, kwa mwandiko ule ule uliosimama wima. Akapiga mstari juu ya namba ya siku ya pili, mstari mmoja, ili iliyo chini isomeke, kama alivyomfundisha binti yake. Pembeni akaandika: Kipimajoto hakikutikiswa. Kosa ni langu. Akaweka tarehe ya leo.

Mkuu wa ofisi, alipopigiwa simu, alipandisha sauti. Rekodi ya miaka thelathini na mitatu, na kanuni nzima imesimama juu yake, kisha saa ya mwisho mtu anaifuta? Kwa ushahidi gani?

"Wa aliyeiandika," binti alisema. "Nimekaa naye hapa." Akampa baba simu.

"Ni mimi," alisema Mzee Nukta. "Ilikuwa siku moja. Ya pili ilinyesha manyunyu. Walikufa wote siku moja, na mmoja ni mke wangu. Waambieni watu wasingoje ya pili."

Sauti ya mkuu ikarudi, ndogo, ya mtu aliyewahi kusimama uwanjani kama mwanafunzi, akifundishwa maneno matatu. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Itasahihishwa. Andikeni siku moja. Kanuni nitaipigania mimi."

Mpimaji alimalizia kurasa zake kibarazani, daftari likiwa meza. Makali ya zamani: siku moja, nyuzi arobaini na tatu nukta sita, watu kumi na mmoja. Ushauri: onyo litolewe kwa siku moja. Chini yake aliongeza sentensi ambayo haina nafasi kwenye fomu, na hakuifuta. Siku moja inatosha. Saa kumi na moja kasoro dakika mbili kurasa zilikuwa zimekwenda.

Saa ya kipimo cha jioni ilipokaribia, mzee alichukua fimbo yake. Walivuka barabara polepole, mkono mkubwa sasa ukiwa ndani ya ule mdogo. Kinyozi alikuwa mlangoni na kitambaa begani, akafungua kinywa kuuliza, akaona nyuso zao, akakifunga. Ni mara ya kwanza kufanya hivyo tangu afungue duka.

Uwanjani jua lilikuwa limelala upande. Binti alifungua mlango wa kisanduku. Mstari wa mwanga ulikuwa pale, na vumbi ndani yake, likipanda na kushuka.

"Soma, Baba."

Aliinama, akaikosa miwani usoni, akaipata mfukoni. "Thelathini na nne, nukta moja."

Binti akaandika.

Kisha akakichomoa kipimajoto akakiweka kwenye kiganja cha baba yake. Mzee alikishika muda mrefu, muda ambao kazi hii haihitaji. Midomo yake ikataja kitu ambacho binti hakukisikia na hakuuliza. Akanyoosha mkono, bega likalia, akatikisa mara moja, mara mbili, mara tatu, kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua bado anayo, na vumbi lote lililokuwa kwenye ule mstari wa mwanga likatawanyika.

Akakiinua kioo machoni. Zebaki ilikuwa imeshuka.

"Sasa ni jana," alisema, akamrudishia binti yake.